Maswali na Majibu: Kazi Ipangwe Upya, Anayeifanya Akiwepo

Barua tulizopokea safari hii zimetoka pande mbalimbali za Dar es Salaam, na karibu zote zinazungumzia jambo moja: kazi inabadilika, mifumo mipya inaingia, watu wanahama, na waajiri wengi wanataka wafanyakazi wao wawe na maisha bora kazini lakini hawajui waanzie wapi. Nimezifupisha, na nimezijibu kwa urefu kulingana na uzito wa kila moja.

Swali: Mimi ni Afisa Rasilimali Watu katika kampuni ya uwakala wa forodha, Kurasini. Tumefanya bonanza, tumegawa fulana na kuweka chai ya bure, lakini vijana wetu wa kitengo cha nyaraka wanaendelea kuacha kazi. Tunakosea wapi?

Jibu: Bonanza na fulana si mambo mabaya, ila yanagusa siku moja tu, ilhali kinachomchosha kijana wa nyaraka ni siku nyingine zote zilizobaki. Kabla hamjatumia shilingi nyingine, chukua jalada moja la mzigo, ukae na kijana anayelishughulikia, ulifuate tangu nyaraka za mteja zinapopokelewa mpaka kontena linapotoka getini, na uandike kila mahali linaposimama na sababu ya kusimama kwake.

Nadhani mtakayoyakuta yatafanana na haya. Saa mbili na nusu asubuhi nyaraka zimeingia kwa barua pepe, na uzito ulioandikwa kwenye ankara haulingani na ule wa orodha ya upakiaji. Anayeruhusiwa kumpigia mteja ni meneja, na meneja yuko kikaoni, hivyo jalada linalala mezani hadi saa nane mchana. Tofauti ikishasahihishwa, malipo yanahitaji idhini ya mkurugenzi aliye safarini. Jioni mteja anakuja juu kwa sababu gharama za kuhifadhi kontena bandarini zimeanza kuhesabiwa, na anayepigiwa simu saa nne usiku ni kijana yuleyule ambaye tangu asubuhi hakuwa na ruhusa ya kuamua lolote.

Mtafiti Robert Karasek, katika makala yake ya mwaka 1979 iliyotumia takwimu za wafanyakazi wa Marekani na Sweden, alionyesha kwamba mkazo mkubwa wa kazi huwapata hasa wale wenye mzigo mzito na nafasi ndogo ya kuamua, vyote viwili kwa pamoja. Kwa hiyo, hata kama hamwezi kupunguza idadi ya makontena, mnaweza kubadilisha nani anaamua nini. Kijana aruhusiwe kuwasiliana na mteja moja kwa moja kuhusu makosa ya nyaraka. Msimamizi wa kitengo apewe kiwango cha fedha anachoweza kuidhinisha bila kusubiri. Na simu za usiku ziwe za zamu inayojulikana mapema na inayolipwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa kawaida angalau saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa za ziada zinalipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wake wa kawaida. Kampuni inayomtafuta mtu usiku kila siku kwa kisingizio cha moyo wa kujitolea inapaswa kuisoma upya sheria hiyo.

Jaribuni mpangilio huo kwenye meza chache kwanza, kwa muda mliokubaliana, huku mkipima siku ambazo jalada linachukua na idadi ya simu za usiku. Nisieleweke vibaya, hata hivyo: kama mshahara hautoshi nauli na kodi ya nyumba, rekebisheni mshahara kabla ya yote hayo, kwa sababu wataondoka tu.

Swali: Ninaishi Chanika na ofisi yetu iko Posta. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku. Nimeomba kufanya kazi nikiwa nyumbani siku mbili kwa wiki, lakini mkuu wangu anasema watu watakuwa wanalala. Nimjibu nini?

Jibu: Pole kwa foleni. Unakaa saa 15 nje ya nyumba yako kwa ajili ya siku ambayo sheria inaihesabu kuwa na saa za kawaida zisizozidi tisa, na hasara hiyo haikuangukii wewe peke yako, kwa kuwa mtu aliyesimama kwenye daladala tangu alfajiri hafiki mezani akiwa na akili yake yote.

Hofu ya mkuu wako imewahi kupimwa. Mwaka 2024 Nicholas Bloom na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya jaribio lililofanywa katika kampuni ya safari ya Trip.com, nchini China, lililohusisha wafanyakazi 1,612. Baadhi yao waliruhusiwa kufanyia kazi nyumbani siku mbili kwa wiki, wengine wakabaki ofisini siku zote tano. Idadi ya walioacha kazi katika kundi la kwanza ilipungua kwa theluthi moja, na katika miaka miwili iliyofuata tathmini za utendaji na upandishaji vyeo havikuonyesha tofauti. Mameneja walioanza na wasiwasi kuhusu tija walibadilisha mawazo baada ya kuona wenyewe.

Lakini usimpelekee takwimu za China ukadhani zimemaliza mjadala. Mwandikie ukurasa mmoja unaotaja ni kazi zipi utakazofanya siku hizo, zitaonekanaje zikikamilika, utapatikana saa ngapi kwa simu, na utafanya nini umeme ukikatika. Taja pia nani atalipia bando, maana mwajiri anayeokoa umeme wa ofisi asimwachie mfanyakazi gharama za intaneti kimyakimya. Ukae nyumbani siku gani? Chagueni siku ambazo timu haina vikao vya pamoja. Omba iwe ya majaribio, yenye tarehe ya kukaa na kuitathmini.

Nina neno pia kwa mkuu wako, endapo atasoma. Mpokezi, dereva na mhudumu wa ofisi hawawezi kubeba kazi zao kwenda Chanika, na ruhusa ikiwafikia wenye kompyuta mpakato peke yao, waliobaki wataiona kuwa upendeleo, nao watakuwa na haki. Kwao kuna njia nyingine: anayetaka aanze saa moja asubuhi na kuondoka saa kumi jioni, mwingine achelewe kuingia na kuchelewa kutoka, ilimradi kaunta haikai tupu. Mabadiliko hayo hayagharimu fedha, yanahitaji tu mtu wa kukaa na ratiba.

Swali: Nasimamia ghala la vifaa vya ujenzi Vingunguti. Tumeletewa mfumo wa kompyuta na vishikwambi vya kusoma alama za bidhaa. Watunza stoo wa siku nyingi wamekuwa wanyonge, makosa yameongezeka, na uongozi unasema wao ndio kikwazo. Nifanyeje?

Jibu: Sidhani kama kikwazo ni wao. Mwaka 1951 Eric Trist na Ken Bamforth, watafiti wa Taasisi ya Tavistock ya London, walieleza yaliyotokea katika migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza baada ya uchimbaji kutiwa mashine. Awali kikundi kidogo cha wachimbaji kilifanya kazi nzima, tangu kuchimba hadi kupakia na kutegemeza paa la mgodi, kikijipangia chenyewe. Mashine zilipokuja, kazi ikakatwa vipande na kila zamu ikapewa kipande chake; uzalishaji haukufikia kiwango kilichotarajiwa, huku utoro na lawama kati ya zamu na zamu vikiongezeka. Mashine zilikuwa sawa. Kilichokuwa kimevunjwa ni ushirikiano uliowafanya watu wale waelewane na kusaidiana, na hakuna aliyeuhesabu kabla ya kuuvunja.

Sasa itazame leja yenu ya zamani. Naamini pembeni mwa kurasa zake kuna maandishi ya penseli: nondo hizi zimeahidiwa kwa mteja wa Kinyerezi, saruji ile ya chini imeshika unyevu isitolewe, misumari imefunguliwa boksi inauzwa kwa kilo. Mfumo mpya unahesabu maboksi tu, na hauna mahali pa kuandika neno "imeahidiwa". Mtunza stoo anayajua yote hayo, lakini kishikwambi hakimwulizi, hivyo nondo za mteja wa Kinyerezi zinauzwa kwa mwingine na lawama zinamrudia yeye. Hayo ndiyo makosa ambayo uongozi unayaita uzembe.

Kaa na watunza stoo wawili wenye uzoefu, mpitie leja ukurasa kwa ukurasa, na mwandike orodha ya kila jambo ambalo leja ililifanya na mfumo haulifanyi. Orodha hiyo mpeleke kwa mtaalamu aliyewafungia mfumo, naye aje ghalani, asijibu kwa simu. Kwa kipindi mtakachokiwekea mwisho, leja na mfumo viende pamoja. Mafunzo yafanyike ndani ya saa za kazi, na mwalimu awe mmoja wao aliyekwisha kuuelewa mfumo. Nakuomba sana usimruhusu kijana wa mafunzo kwa vitendo amkosoe mzee wa stoo mbele ya wapakiaji; heshima iliyopotea hapo hairudishwi na semina yoyote.

Kuna jambo moja ambalo wote wanaliwaza bila kulitamka: je, mfumo huu umekuja kutuondoa? Kama jibu ni hapana, uongozi ulitamke na kuliandika. Kama kuna nafasi zitakazopunguzwa, kifungu cha 38 cha sheria niliyoitaja kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio lake, aeleze sababu, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao kuhusu njia za kuepuka au kupunguza uachishaji na namna watakavyochaguliwa watakaoondoka. Mashauriano hayo yanafanyika kabla, si baada ya barua kuchapwa.

Swali: Nina karakana ya samani Keko yenye mafundi sita. Mambo haya ya kuboresha maisha ya kazini si ya makampuni makubwa tu?

Jibu: Wewe una nafasi nzuri kuliko wao. J. Richard Hackman na Greg Oldham, katika utafiti wao wa miaka ya 1970, walionyesha kuwa kazi humpa mtu ari akiifanya kuanzia mwanzo hadi mwisho, akiona inamfaa nani, na akijua imetokaje. Fundi aliyetengeneza kabati aende nalo siku ya kulipeleka kwa mteja, alifunge yeye mwenyewe chumbani na asikie linavyopokelewa. Mengine ni ya msingi: siku ya malipo ijulikane na isiyumbe, masharti ya ajira yawe kwa maandishi, na anayesimama kwenye msumeno apewe miwani na barakoa ya vumbi. Ukianza na siku ya malipo peke yake utakuwa umefanya jambo kubwa.

Swali: Nafanya kazi katika kituo cha kupokea simu za wateja, Mikocheni, na nimerejea kutoka likizo ya uzazi. Nikitoka kukamua maziwa, mfumo unaandika kuwa sipo kazini, na alama zangu za mwezi zinashuka. Nina haki gani?

Jibu: Hongera kwa mtoto, dada yangu. Sheria inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha amnyonyeshe mtoto wake ndani ya saa za kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Mtoto akiwa mbali, kukamua ndiyo njia pekee ya kuitumia ruhusa hiyo, na mwajiri mwenye nia njema ataielewa hivyo. Hivyo dakika zako si utoro, na mfumo unaoziandika kama utoro unapaswa kurekebishwa kwa kuongezewa kipengele chake, kama kilivyo cha chakula cha mchana. Mwandikie msimamizi wako ukitaja saa unazozihitaji, ili simu zigawanywe kwa wenzako kwa mpango. Omba pia chumba kinachofungwa, chenye kiti, soketi na jokofu. Chooni si mahali pa kuandalia chakula cha mtoto.

Swali: Kila mwaka tunagawa dodoso la kuridhika kazini, na kila mwaka majibu ni mazuri sana, ilhali watu wanaacha kazi. Tuongeze maswali?

Jibu: Punguzeni. Miaka ya 1990 Amy Edmondson alichunguza timu za wauguzi nchini Marekani akitarajia kwamba timu bora zingekuwa na makosa machache ya dawa, akakuta zina makosa mengi zaidi yaliyoripotiwa, kwa kuwa humo watu waliweza kusema bila kuogopa. Majibu mazuri yanayoambatana na barua za kuacha kazi yananiambia kwamba kwenu watu wanaogopa, au wamechoka kuulizwa bila kuona kinachofuata. Chagueni jambo moja dogo ambalo kila mtu analilalamikia, liwe la choo, fomu ya posho au kikao cha Jumatatu, mlimalize ndani ya mwezi, na mtangaze kuwa limetokana na maoni yao. Kisha ulizeni swali la pili. Anayeuliza asiwe yule anayeandika tathmini zao za mwisho wa mwaka.

Swali: Mwajiri wetu ameweka kwenye simu zetu binafsi programu inayoonyesha tulipo muda wote, hata Jumapili. Inaruhusiwa?

Jibu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi halali linalojulikana na kwa kiasi kinacholihitaji kusudi hilo. Dereva wa kusambaza bidhaa kufuatiliwa akiwa kazini kunaelezeka. Kufuatiliwa akiwa kanisani au msibani Jumapili sioni kunavyoelezeka. Muulizeni mwajiri kwa maandishi anakusanya nini, kwa sababu gani, nani anaziona na zinatunzwa kwa muda gani, na mpendekeze programu izimwe saa za kazi zinapokwisha au iwekwe kwenye simu za kampuni. Mkikosa jibu la maana, malalamiko yanapelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na nakala ya barua yenu ya kwanza mtaihitaji.