Usilipie rangi kabla ukuta haujakauka

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na picha ulizotuma nimezitazama moja moja kwa utulivu. Pole sana. Unasema bomba lililofukiwa kwenye ukuta kati ya bafu na chumba cha kulala lilikuwa likivuja, hujui lilianza lini, na sasa rangi imetuna, lipu ya upande wa chini inamung'unyuka ukiigusa, na kabati limevimba hata mlango haufungi. Umeita mafundi wawili. Wa kwanza ametaja bei ndogo na kazi ya siku mbili. Wa pili ametaja bei inayokaribia mara nne ya hiyo, na kazi ya wiki kadhaa. Unaniuliza ni yupi anayekudanganya.

Kabla sijakujibu, soketi iliyo kwenye ukuta huo usiitumie. Zima umeme wa chumba hicho kwenye swichi kuu, na usiuwashe hadi fundi umeme afungue soketi aone kama maji yamefika kwenye nyaya. Hilo lifanye leo.

Sasa bei. Nimesoma makadirio yao yote mawili, na nionavyo mimi kila mmoja amepiga hesabu sawasawa, ila kazi zenyewe si moja. Wa kwanza ameandika kukwangua, kuziba na kupaka rangi. Nimetafuta neno kukausha kwenye karatasi yake, sikuliona. Wa pili amelitaja mara tatu, na gharama yake kubwa iko hapo hapo. Muda ndio unaokula pesa katika kazi za namna hii: muda ambao maji yamekaa ndani, na muda wa kuyatoa.

Tofali, lipu na zege vina vinyweleo vidogo vinavyofyonza maji kama utambi unavyofyonza mafuta ya taa. Maji hayateremki tu, hupanda pia na kusambaa pembeni. Doa unaloliona ni pale yalipofika usoni mwa ukuta. Ndani eneo lililolowa huwa kubwa zaidi. Fundi mzuri hupita na kipima unyevu, akachora kwa chaki mahali ukavu unapoanzia, kisha ndipo anataja bei. Muulize huyo wa kwanza kama alipima. Kama aliangalia kwa macho tu, bei yake ni ya doa, na nyumba yako ina zaidi ya doa.

Nakuambia haya kwa uchungu kwa sababu niliwahi kulipia doa. Ulikuwa na miaka minne, tukikaa katika ile nyumba yetu ya kwanza. Dari ya sebuleni ilitoa duara la kahawia, nikalipaka rangi. Likarudi, nikapaka tena, na mara ya tatu nikanunua rangi nzito ya mafuta nikiamini itazuia. Ilizuia kweli, lakini ilizuia maji yasitoke. Yakabaki juu yakiozesha mbao. Usiku mmoja kipande cha dari kikaanguka. Hakuna aliyekuwa sebuleni, na hadi leo nashukuru. Fundi alipopanda alikuta chanzo ni tundu la msumari mmoja uliolegea kwenye bati. Kuziba tundu lile ilikuwa kazi ya nusu saa. Nilicholipa mwishowe kilikuwa mbao za kenchi, dari nzima na nyaya za umeme. Na wewe ulikohoa msimu ule wote, tukidhani ni mafua ya kawaida. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba, likieleza uhusiano wake na matatizo ya kupumua na pumu. Nilipousoma nilimkumbuka mtoto wangu, na nilijutia zile rangi tatu.

Ukungu hauhitaji muda mrefu. Kitu kilicholowa kikikaa saa 24 hadi 48 bila kukaushwa, unaweza kuanza kuota. Kwako muda huo umeshapita zamani, kwa hiyo usishangae fundi wa pili kutaka kubandua lipu ili aone nyuma yake. Usimkubalie mtu atakayekuambia apulizie dawa ya kupaushia nguo kisha afunike. Kwenye kigae dawa hiyo husaidia, lakini kwenye lipu au mbao hung'arisha uso tu na kuacha mizizi ndani. Ukiitumia popote, usiichanganye na sabuni au dawa nyingine ya kusafishia, kwani baadhi ya michanganyiko hutoa hewa ya sumu.

Kazi yenyewe ianze na chanzo. Fanya hivi usiku wa leo: funga mabomba yote, hakikisha tangi la choo halijazi, kisha andika namba za mita ya maji hadi tarakimu ya mwisho. Asubuhi soma tena kabla mtu hajatumia maji. Zikiwa zimesogea, bado kuna mahali panavuja, pengine si bomba hilo peke yake. Tone moja kila sekunde hufika lita 20 hivi kwa siku, na yote hayo yanaingia ukutani kwako na kwenye bili yako. Bomba likishabadilishwa, lipimwe kwa presha ukuta ukiwa wazi, wewe ukiwepo. Usikubali lizibwe siku hiyo hiyo. Piga picha mabomba yalivyopita, ipo siku utataka kutoboa ukuta huo na utaihitaji hiyo picha.

Kuhusu vya kutupa na vya kuokoa: kabati lako, kwa picha nilizoona, ni la mbao za unga uliogandamizwa. Hizo zikishavimba hazirudi, usilipe mtu azitengeneze. Fremu ya mlango ni mbao halisi, yaweza kurudi ikikauka taratibu, hivyo isubiri, na isipakwe rangi unyevu wake ukiwa juu ya asilimia 20. Bodi ya jasi iliyolainika hukatwa. Lipu ya saruji iliyoshika vizuri huachwa. Vigae vigonge kwa kidole. Vinavyotoa mlio wa uwazi vimeachia gundi, vilivyobaki havina shida.

Maji yako yalitoka kwenye bomba la maji safi, na hilo linakupunguzia mzigo. Mafundi wa kazi hii huyagawa maji katika ngazi 3: maji safi, maji yaliyotumika kufulia na kuogea, na maji ya choo au mafuriko. Ya ngazi ya tatu yakiingia, karibu kila kinachofyonza hutupwa, kuanzia godoro hadi zulia. Lakini maji safi yakituama siku nyingi nayo hushuka ngazi, kwa hiyo zulia lile lililokuwa chini ya kabati usilirudishe ndani.

Kukausha ndiko utakakovumilia. Kwa zege jipya, mafundi hukadiria mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, na ukuta uliolowa hadi ndani nao huenda kwa mwendo wa wiki, si wa siku. Feni na madirisha wazi husaidia pale tu hewa ya nje ikiwa kavu kuliko ya ndani. Mvua ikinyesha, au hewa ikiwa nzito, funga madirisha na ukodi mashine ya kunyonya unyevu. Usiweke hita kali mbele ya ukuta, lipu itapasuka. Ukianza kuona unga mweupe usoni, hiyo ni chumvi inayoletwa na maji yanapotoka. Ipige brashi kavu. Ukiiosha kwa maji utairudisha ndani.

Utajuaje umekauka bila kipimo? Kata nailoni angavu ya nusu mita kila upande, ibandike ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne bila kuacha mwanya, uiache siku nzima. Matone yakionekana upande unaogusa ukuta, bado.

Umeuliza pia kama bima italipa. Soma mkataba wako utafute maneno mawili, ghafla na taratibu. Bima nyingi za nyumba hulipa hasara ya maji ya bomba lililopasuka kwa ghafla, na hukataa uvujaji uliokuwa ukiendelea polepole. Mara nyingi pia hulipia ukuta ulioharibika bila kulipia bomba lenyewe. Waarifu kabla ukuta haujavunjwa, tunza kipande cha bomba kitakachokatwa, na umwombe fundi aandike chanzo kwa maneno yake. Eleza ukweli ulivyo, hata kama unahisi utakupunguzia malipo. Kisha linganisha na ile sehemu ya hasara ambayo mkataba unakutaka uibebe mwenyewe. Pengine kinachobaki ni kidogo.

Najua pesa zimebana. Kwa hiyo usimkubali fundi wa pili kama alivyo. Mwambie avunje bei yake vipande vipande: kufungua ukuta, bomba na upimaji, ukaushaji, lipu, rangi. Kuhamisha vitu, kubeba kifusi na kuendesha feni mnaweza kufanya wenyewe. Rangi inaweza kusubiri hata miezi mitatu, na ukuta usio na rangi utakauka vizuri zaidi. Mlipe kwa hatua, na fungu la mwisho libaki mkononi mwako hadi nailoni ishinde ukutani siku nzima bila tone. Mimi ningetenga pia sehemu ya tano ya bei juu yake, maana ukuta ukifunguliwa huwa kuna jambo ambalo hakuna aliyeliona. Kwenye bomba, umeme na ukaushaji usipunguze kitu.

Mama yako anasema wanao wasilale chumba hicho hadi lipu mbovu iwe imetolewa, na wakati wa kuibandua mlango ufungwe kwa nailoni ili vumbi lisiende vyumba vingine. Nakubaliana naye.

Nitumie namba za mita za usiku na za asubuhi. Nikishaziona nitakupigia, tumpigie fundi wa pili tukiwa pamoja.

Baba yako