Spea za baiskeli: kipi ukanunue dukani, kipi uagize mtandaoni

Ukiomba "tairi la 28" kwenye duka la spea Kariakoo, unaweza kupewa moja kati ya matairi mawili yasiyoingiliana kabisa. La kwanza ni la Phoenix, Hero au Avon, zile baiskeli nzito za kubebea mzigo. Limeandikwa 28 x 1½ na linakaa kwenye ringi yenye kipenyo cha milimita 635. La pili ni la baiskeli nyingi za mtumba kutoka Ulaya na za mashindano. Nalo huitwa 28, au 700C, lakini ringi yake ni milimita 622. Tofauti ni milimita 13 tu. Tairi la 635 ukilivika kwenye ringi ya 622 litaingia kwa ulaini wa kukufurahisha, ila upepo ukifika katikati litachomoka pembeni na tyubu itapasuka. La 622 kwenye ringi ya 635 haliingii hata ulazimishe kwa bisibisi mbili, na bisibisi zenyewe zitaitoboa tyubu.

Dukani kosa hilo linamalizika kwa dakika kumi: unarudi, unabadilishiwa. Mtandaoni linamalizika kwa wiki kadhaa, na nauli ya kulirudisha tairi mara nyingi inazidi bei ya tairi. Ndiyo maana kabla ya kulinganisha bei za huku na huku, jiulize kwanza kama unakijua kipimo cha kitu unachokitafuta. Usipokijua, nenda dukani na kitu cha zamani mkononi. Ukikijua mpaka milimita ya mwisho, hapo una uhuru wa kuchagua.

Kipimo cha tairi kimeandikwa ubavuni. Futa tope kwa kitambaa chenye maji, kisha zungusha gurudumu taratibu huku ukitafuta namba mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 37-622. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha ringi. Ya pili lazima ifanane kabisa na ya tairi la zamani, ya kwanza inaweza kupishana kidogo mradi tairi lisiguse fremu wala breki. Namba za inchi zisikudanganye. Tairi la 26 x 1.95 la baiskeli za milimani ni 559, na la 26 x 1⅜ ni 590. Inchi iliyoandikwa kwa desimali na inchi iliyoandikwa kwa sehemu ni vitu viwili tofauti, hata kama hesabu inatoka karibu sawa.

Wenye baiskeli za mtumba kutoka Japani, zile za kikapu mbele ambazo zimejaa Dar na Unguja, wawe waangalifu zaidi. Nyingi ni 26 x 1⅜, yaani 590, na tairi lake halisumbui kupatikana. Lakini zipo za 27 x 1⅜, ambazo ni 609. Kipimo hicho ni cha Wajapani karibu peke yao. Tairi la 622 halitakaa, wala la 630 ambalo nalo huuzwa kwa jina la 27. Ukiwa unanunua baiskeli yenyewe, soma ubavu wa tairi kabla hujauliza bei. Kama ni 609, muulize muuzaji matairi yake yanapatikana wapi, na akibabaika chukua ya 26.

Tyubu nayo ina mdomo wa aina tatu: mnene kama wa gari, mwembamba wa Presta wenye kinati kidogo juu, na ule wa zamani wa Phoenix na baiskeli za Japani wenye kimpira ndani. Tundu la ringi lililotobolewa kwa mdomo mwembamba halipitishi mnene. Kinyume chake kinawezekana, lakini mdomo utachezacheza na kukata tyubu shinani. Kama uko mbali na mjini, chagua mdomo ambao pampu ya fundi wa jirani inaukubali.

Vitu vya dukani

Gololi usiagize mbali. Habu nyingi za nyuma, yaani vitovu vya magurudumu, zinatumia gololi za robo inchi, tisa kila upande, na za mbele zinatumia za 3/16, kumi kila upande. Zihesabu zinapotoka, peleka moja dukani, nunua zote mpya na mbili tatu za akiba, kwa sababu zinapenda kudondoka mchangani. Usichanganye mpya na za zamani. Zilizochakaa zimepungua kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni, na uzito wote utabebwa na zile mpya mpaka zikwangue kikombe zinachokalia.

Pini ya kukazia mkono wa pedali kwenye baiskeli za mzigo, ile yenye ubapa upande mmoja, nayo ni ya kwenda na ya zamani mkononi. Zipo za milimita 9.5 na zipo za 9, na tofauti ya nusu milimita inatosha kufanya mkono ulegee ndani ya wiki. Nunua mbili zinazofanana. Ubapa ukichongwa tofauti kulia na kushoto, mikono ya pedali haitakaa kwenye mstari mmoja.

Spoku hupimwa kuanzia ndani ya kiwiko mpaka mwisho wa sredi. Gurudumu la nyuma la baiskeli ya gia lina urefu wa aina mbili: upande wa gia spoku huwa fupi kwa milimita chache. Fundi anayekukatia spoku zote saizi moja anakutafutia gurudumu la kuyumba.

Tairi la kawaida pia ni la dukani, ila lichague. Yaliyoning'inizwa mbele ya duka yamepigwa jua kwa miezi. Likunje kidogo kwa vidole na uangalie ubavuni. Ukiona nyufa nyembamba kama za ngozi kavu, omba la ndani. Pitisha mkono kwenye waya wa ukingoni mzunguko mzima, kwa sababu waya uliopinda ulipofungwa na kamba haunyooki tena, na tairi litakuwa na nundu hata ulikaze vipi.

Helmeti inunue mahali unapoweza kuivaa. Pima kichwa kwa futi ya fundi cherehani, sentimita mbili juu ya nyusi, ndiyo namba utakayoilinganisha na iliyoandikwa ndani. Kisha ivae bila kufunga kamba na utikise kichwa: ikikaa bila kukubana kwenye paji la uso, ndiyo yako. Tafuta alama ya EN 1078 ya Ulaya au CPSC ya Marekani. Helmeti ya mtumba siipendekezi kwa mtu yeyote, hata ikiwa inang'aa. Povu lake likishagongwa mara moja limeshabonyea, na kwa nje huoni kitu. Tena ukishaijaribu dukani na muuzaji akakuhudumia nusu saa, inunue pale pale. Kuiangalia kwake halafu ukaiagize kwingine ni kumla mtu kazi yake.

Vitu vya kuagiza

Mtandao una maana pale unapotafuta kitu ambacho mtaani hakipo: mnyororo wa gia kumi na moja, kaseti (meno ya gia za nyuma), pedi za breki za diski, tairi jepesi la kukunjika.

Mnyororo huchaguliwa kwa idadi ya gia za nyuma. Umbali kati ya pini na pini ni ule ule milimita 12.7 kwa baiskeli karibu zote, kinachobadilika ni unene. Wa gia nane una takriban milimita 7.1 kwa nje, wa kumi na moja uko karibu 5.6. Mnene utakwama kwenye meno yaliyobanana. Kabla hujaagiza, pima wa zamani kwa rula: pingili kumi na mbili kamili za mnyororo mpya, yaani nusu pingili 24, ni milimita 304.8. Kwa gia kumi na moja au kumi na mbili, ukishafika 306.3 ubadilishe. Ukifika karibu 308, agiza na kaseti kabisa. Mnyororo mpya juu ya meno yaliyolika utaruka kila unapokanyaga kwa nguvu mlimani, na utadhani umeuziwa feki.

Kosa linalowapata wengi ni kuagiza kaseti wakati baiskeli ina friwili, au kinyume chake. Kwa picha zinafanana. Friwili ni kitu kizima kinachosokotwa kwenye sredi za habu. Kaseti ni meno tu, yanayoteleza kwenye mifereji ya habu na kukazwa na pete ndogo. Inua gurudumu la nyuma, zungusha meno kinyumenyume na uangalie katikati, pale penye nafasi ya kuingiza kifaa cha kufungulia. Pakizunguka pamoja na meno, ni kaseti. Pakitulia huku meno yanazunguka, ni friwili.

Pedi za diski zina maumbo mengi mno, usiamini maelezo ya "inaingia baiskeli zote". Zitoe zote mbili, soma namba iliyo mgongoni kwenye bati, zipige picha kando ya rula, ndipo utafute. Na kama breki zako ni za mafuta, angalia kwenye leva zinataka mafuta gani. Za Shimano zinatumia mafuta ya madini. Usikubali fundi aongeze mafuta ya breki ya gari, yaliyoandikwa DOT, eti yote ni mafuta ya breki. Mipira ya ndani itavimba na breki itakufa, na hapo unanunua seti nzima. Binafsi, kwa anayeendesha mbali na miji mikubwa, namshauri abaki na breki za waya.

Agiza na kifaa cha kufungia. Wengi wanakisahau. Mafundi wengi wa mtaani wana spana, nyundo na tindo, na kazi wanayoifanya kwa hivyo vitatu ni ya kuheshimika. Lakini mkono wa pedali unaokaa kwenye ekseli ya pembe nne ukitolewa kwa nyundo, unaharibu mkono, ekseli na gololi kwa pigo moja. Kifaa cha kuuvutia ni kidogo, kinaingia mfukoni. Kaseti nayo ina kifungulio chake na kipande cha mnyororo chenye mpini cha kuishikilia. Viweke kwenye oda hiyo hiyo.

Hesabu ya kweli ya mtandaoni

Bei unayoiona kwenye simu siyo utakayolipa. Forodha inahesabu ushuru juu ya bei ya kitu, bima na nauli kwa pamoja, kisha VAT inawekwa juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru. VAT ya kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na Uganda, 16 Kenya. Tuseme tairi ni dola 20, nauli dola 15, na ushuru asilimia 10. Una 35, ushuru 3.5, VAT ya asilimia 18 juu ya 38.5 ni 6.93. Jumla dola 45.43, kabla ya ada za wakala na kodi nyingine ndogondogo. Ndiyo maana kuagiza kitu kimoja kimoja hakulipi. Ungeni oda watu wanne watano. Wanaosafirisha kutoka China wanatoza kwa kilo kwenye ndege na kwa ujazo kwenye meli, kwa hiyo tairi la waya linalochukua nafasi ya boksi zima ni hasara, na lile la kukunjika linajibana pembeni ya mizigo mingine.

Dhamana ya duka la mbali inadumu kadiri duka lenyewe linavyodumu. Wiggle ya Uingereza, iliyokuwa ikituma spea nchi nyingi duniani, iliingia kwenye ufilisi Oktoba 2023. Jumia, duka la mtandaoni, ilifunga shughuli zake Tanzania mwaka 2019. Kwa wauzaji wa Instagram na WhatsApp, omba picha ya kitu kikiwa kando ya rula na karatasi yenye tarehe ya leo. Mwenye mzigo kweli hachukui dakika tano kuipiga. Lipa ukishakishika, au tumia mtu aliye mji huo akikague.

Mzigo ukifika, ukague kabla ya kumpelekea fundi. Linganisha cha zamani na kipya juu ya meza, meno kwa meno, tundu kwa tundu. Kikishapakwa grisi, kukatwa au kuvikwa hakirudi tena, iwe kwa muuzaji wa Kariakoo au wa Guangzhou. Na fundi unayempelekea spea uliyoagiza mwenyewe hakupata faida ya kukuuzia, kwa hiyo patana naye bei ya kufunga mapema, na umpe ya kueleweka. Mnyororo ukianza kuruka siku ya tatu, ndiye atakayekurekebishia waya wa gia bila kukutoza.