"Look forward to" hufuatwa na -ing

Umeuliza kwa nini mwalimu amekukosoa kwa kuandika "I look forward to hear from you" kwenye barua ya kuomba kazi. Sahihi ni "hearing". Hiyo "to" si ile ya "I want to eat". Hapa ni kihusishi, na baada yake hukaa nomino au kitenzi chenye -ing. Jaribu kuweka nomino: "I look forward to your reply" inakubali, lakini "I want to your reply" inagoma. Kwa hiyo: "We look forward to seeing you on Saturday", yaani tunasubiri kwa hamu kukuona Jumamosi. Na tafadhali usiitumie kwa msiba wala ugonjwa, maana ndani yake mna furaha ya kungoja. Barua rasmi hupenda "I look forward". Rafiki mwandikie "I'm looking forward".