Ukiambiwa "pitisha tu", anza na dokezo

Mdogo wangu, umeuliza ufanye nini: umeajiriwa serikalini juzi, kanuni za maadili umezisaini, na tayari mkuu wako anakwambia "pitisha tu hili ombi, mengine tutarekebisha." Nimefanya utumishi wa umma hadi kustaafu, kwanza masijala, yaani ofisi inayotunza majalada, baadaye kwenye kushughulikia maombi ya wananchi. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Agizo la mdomo likikutia shaka, usibishane na mkuu wako. Rudi mezani, fungua jalada, uandike dokezo, yaani maelezo mafupi ya kiofisi kwa mkuu wako: "Kufuatia maelekezo yako ya leo kuhusu ombi hili, nimeona mwombaji hajatimiza sharti la nyaraka. Naomba mwongozo wako kwa maandishi." Lugha ya heshima, bila kumshutumu mtu. Niliwahi kupeleka dokezo la namna hiyo. Jalada likakaa kwa bosi, kisha likarudi limeandikwa "mwombaji akamilishe nyaraka." Agizo la mdomo halina mwenyewe, ila likiingia kwenye jalada linapata jina, saini na tarehe, na wengi hawako tayari kwa hilo.

Ila usidhani maadili ni kukataa bahasha basi. Kinachomtesa mwananchi kila siku ni "njoo kesho". Namkumbuka mama mmoja mjane aliyekuwa akifuatilia mafao ya marehemu mumewe. Aliambiwa alete cheti cha kifo, akaleta. Akaambiwa na cha ndoa kinahitajika, akaleta. Akarudi tena, safari hii akadaiwa barua ya usimamizi wa mirathi. Kila karani alimwambia kweli, hakuna aliyemwomba hata senti, na bado tulimtesa. Baada ya hapo nikaanza kumwandikia kila mtu kwenye karatasi moja kila kitu kinachohitajika, pamoja na jina langu na saini, ili akirudi asiongezewe sharti jipya. Na hapo ndipo rushwa inapozaliwa, mdogo wangu: mtu asiyejua anatakiwa kuleta nini wala atajibiwa lini, atalipa ili ajue. Ukimpa orodha kamili na tarehe, umemnyima mla rushwa biashara.

Kuhusu mgongano wa maslahi, wengi huogopa kuutaja wakidhani ni kukiri kosa. Kuwa na ndugu mwenye kampuni si kosa. Kosa ni kukaa kimya kwenye kamati inayotathmini zabuni ya kampuni hiyo. Tamka mapema, kabla ya alama yoyote kutolewa, hakikisha imeandikwa kwenye muhtasari wa kikao, kisha toka chumbani. Usibaki eti "sitachangia". Uwepo wako tu unawaziba wenzako midomo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa wa mwaka 2003, katika Ibara ya 8, unazitaka nchi wanachama zijitahidi kuweka utaratibu wa maofisa kutamka shughuli zao za nje, mali, vitega uchumi na zawadi kubwa zinazoweza kuleta mgongano huo. Ibara hiyohiyo inagusa pia njia za mtumishi kutoa taarifa za rushwa. Kwa hiyo ulizia mapema: katika taasisi yako taarifa hizo zinapelekwa kwa nani? Ukisubiri hadi yakukute, utaulizia ukiwa na hofu.

Sitakudanganya kwamba haina gharama. Mimi nilirukwa kwenye nafasi ambazo naamini nilistahili, na kuna wenzangu walionikwepa. Iliuma. Ila sikuwahi kuogopa wakaguzi walipokuja kuomba majalada yangu.

Sasa kwa hilo lililoko mezani kwako: kabla hujasaini, soma sheria au kanuni inayosimamia ombi hilo, uitaje kwa kifungu ndani ya dokezo lako, ulipitishe masijala lipate namba ya folio, yaani namba yake ndani ya jalada. Jibu likirudi kwa maandishi na bado linakiuka sheria, usisaini. Lipeleke kwa mamlaka ya maadili ya nchi yako, kwa njia rasmi, bila kulisambaza kwenye simu za watu.