Pumzi Kwanza: Nilichojifunza kwa Ronnie James Dio

Nilipoanza kuimba hevi metali, yaani roki nzito ya magitaa ya umeme, na marafiki zangu hapa Nairobi, nilidhani kazi ya mwimbaji ni kulishinda gitaa kwa kelele. Kila Jumamosi nilitoka mazoezini nikinong'ona. Wiki ya nne sauti haikurudi kabisa. Daktari wa masikio, pua na koo akasema nyuzi za sauti zimevimba, akaniamuru ninyamaze siku kumi na nne. Mimi niliyekulia kwaya!

Siku hizo nilimsikiliza Ronnie James Dio, mwimbaji wa hevi metali kutoka Marekani. Alizaliwa mwaka 1942 Portsmouth, New Hampshire, jina lake la kuzaliwa Ronald James Padavona, akakulia Cortland katika jimbo la New York. Alipuliza tarumbeta tangu utotoni, na mwenyewe alisema huko ndiko alikopata pumzi ya kuimbia. Alikuwa mtu mfupi, mwembamba. Lakini sikiliza alivyoimba na Black Sabbath, bendi ya metali ya Uingereza, mwaka 1980: sauti inapaa juu ya magitaa, wala husikii koo likikwaruza. Agosti 2009, akiwa na miaka 67, bado alikuwa jukwaani.

Basi, kabla ya kushika maikrofoni, lala chali sakafuni. Weka kitabu kizito tumboni. Vuta hewa mpaka kitabu kiinuke, mabega yatulie, kisha itoe taratibu kwa "sss". Nilianza na sekunde 12 na kuishiwa. Baada ya miezi miwili nilifika 35. Ukisikia koo linawasha au kuuma, acha siku hiyo hiyo. Na usishindane na spika. Mwambie mpiga gitaa, "Kaka, punguza kidogo, siisikii sauti yangu." Wetu alinuna wiki nzima, lakini alipunguza, na hapo ndipo nilipojua kwamba nusu ya kelele zangu hazikuhitajika.

Umri pia usikutishe. Dio alirekodi tangu ujana wake, lakini alijiunga na Black Sabbath akikaribia miaka 37, na albamu ya kwanza ya bendi yake mwenyewe ilitoka mwaka 1983 akiwa na 40. Mimi nina 34, na wanaoniambia nimechelewa nimeacha kuwajibu.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa nyumbani. Mama aliona picha yangu nimeinua kidole cha shahada na cha mwisho, ishara ya wapenzi wa metali, akalia akidhani nimejiunga na mashetani. Usimkimbie mzazi kwa jambo kama hili. Kaa naye umweleze. Nilimwambia ishara ile Dio aliirithi kwa bibi yake Mwitaliano, aliyeitumia kujikinga na jicho baya. Mama amekulia Mombasa, kijicho hahitaji kufundishwa. Akanyamaza, akauliza, "Kumbe ni kinga?" Nikamweleza pia kwamba mwaka 1985 Dio na wenzake wa bendi waliwakusanya wanamuziki wa metali wapatao 40 Los Angeles, wakarekodi wimbo wa kuchangia waliokuwa wakifa njaa Afrika. Mama anaikumbuka njaa ile ya Ethiopia. Akataka kujua kama huyo Dio yu hai. Nikamwambia saratani ya tumbo ilimchukua Mei 2010, miezi sita tu baada ya kugunduliwa.

Mama bado hayapendi magitaa. Ila siku za shoo hupiga simu kuuliza kama nimekunywa maji.