Maswali ya Ujenzi: Kituo cha Kuchajia Magari si Sheli

Barua sita za toleo hili zimetoka Tanga, na zote zinahusu vituo vya kuchajia vyombo vya umeme. Tumezifupisha. Majibu ni ya wasanifu na mafundi umeme wa safu hii.

Nina kiwanja Kange: mita 30 zinatazama barabara, kina ni mita 20. Mchora ramani amenichorea visiwa viwili katikati, mashine mbili kila kisiwa, paa kubwa juu yake, magari yaingie huku yatokee kule. Nataka na bajaji zichaji hapo. Ramani iko sawa?
Mwenye kiwanja, Kange

Umechorewa sheli. Gari la petroli hukaa pampuni dakika tano, likapisha jingine. La umeme hukaa. Chaja ya AC (umeme wa kawaida kama wa nyumbani) ya kW 7.4, yaani ampea 32 kwa volti 230, huchukua saa tano hadi sita kujaza betri ya kWh 40. Hata chaja ya DC (ya mkondo mnyoofu, ya haraka) ya kW 50 itakupa gari la kukaa nusu saa hadi saa nzima. Kwenye visiwa, gari la mbele likiwa bado linachaji, la nyuma limefungwa hata kama limeshajaa. Unachojenga wewe ni maegesho yenye umeme, basi yachorwe kama maegesho.

Panga nafasi nne kwa mstari mmoja, zikipakana na ukuta wa nyuma. Kila nafasi iwe mita 3 kwa 5.5. Wengi huchora mita 2.4 kwa 4.8, halafu dereva anashindwa kufungua mlango huku ameshika kebo. Mbele ya nafasi hizo acha njia ya mita 6 ili gari ligeuke mara moja. Hapo umetumia kina cha mita 11.5, na mita 8.5 zinazobaki upande wa barabara ni za baraza, choo na duka. Maingilio usiyachimbe kabla ya kupima hifadhi ya barabara na kupata ruhusa ya TANROADS. Ukuta uliojengwa ndani ya hifadhi huvunjwa bila fidia.

Sasa kebo, mahali ambapo ramani nyingi hufeli. Kebo ya chaja kwa kawaida ni mita 5. Karibu mita moja huliwa na kushuka kutoka kwenye mashine na kupanda kwenye tundu la gari, hivyo una mita 4 za kweli. Nissan Leaf lina tundu puani, lakini yako magari yenye tundu ubavuni karibu na gurudumu la nyuma. Kwa hiyo mashine ikae kichwani mwa maegesho, katikati ya nafasi mbili, na njia iwe pana kiasi cha mtu kuingia kwa pua au kwa kinyumenyume. Ukiiweka ubavuni, nusu ya wateja watavusha kebo juu ya boneti, na siku moja itakanyagwa.

Weka kizuizi cha tairi chenye kimo cha sm 10 na ukiache umbali wa angalau sm 90 kutoka kwenye mashine, kwa sababu pua ya gari hupita mbele ya tairi. Kati ya kizuizi na mashine simika bomba la chuma la mm 100 lililojazwa zege, mita 1 juu ya ardhi na sm 60 chini. Kizuizi peke yake hakitoshi. Pikapu hukipanda.

Kwa chaja za AC, nunua zenye soketi tupu ya Type 2 (aina ya plagi ya gari) bila kebo ya kudumu, dereva aje na yake. Leaf la zamani kutoka Japani lina tundu la Type 1, na kebo ya Type 2 kwa Type 1 inalimaliza tatizo. Ukiweka chaja ya DC, hakikisha ina mkono wa CHAdeMO (plagi ya DC ya magari ya Japani) pamoja na CCS2 (ile ya Ulaya), la sivyo magari hayohayo yatakuja kutazama tu.

Bajaji zipe mlango wao, zisipite njia ya magari. Nafasi ya mita 1.5 kwa 3 inazitosha, na soketi ziwe za viwandani, zile za bluu za ampea 16 zenye kifuniko. Soketi ya ukutani ya ampea 13 haikutengenezwa kubeba mzigo mzito saa sita kila siku: mguso hulegea, hupata moto, plastiki hugeuka kahawia, kisha huyeyuka. Kama betri za bajaji ni za risasi na asidi, acha matundu juu kabisa ya ukuta, chini ya paa, kwa sababu hidrojeni inayotoka wakati wa kuchaji hupanda.

Mtaro ukishachimbwa, laza mabomba ya kesho pia: la mm 110 kwa kila nafasi, moja la akiba, na la mm 50 kwa waya za mtandao. Kina sm 60, na sm 75 pale magari yanapopita, kamba ya nailoni ndani na utepe wa onyo juu. Bomba tupu ni rahisi. Kuvunja zege mara ya pili si rahisi.

Nimefunga ethi rodi (fimbo ya kupeleka umeme unaovuja ardhini) ya mita 1.2 kwenye kituo kidogo Raskazone, kipimo kinasoma omu 140. Chini ni jiwe la matumbawe, rodi haishuki tena. Nimeambiwa niweke chumvi na mkaa. Halafu chaja ziko nne, mita 40 kutoka kwenye mita ya umeme, fezi tatu za ampea 60. Waya gani?
Fundi umeme, Ngamiani

Chumvi acha, fundi. Itakupa kipimo kizuri wiki mbili, kisha masika itaiosha na shaba itakuwa imeanza kuliwa. Matumbawe makavu hayapitishi umeme vizuri, na kulazimisha rodi ndani yake ni kuipinda tu. Pale ambapo huwezi kwenda chini, nenda kando. Chimba mtaro wa mita 20, kina sm 60 hadi 75, laza utepe wa shaba wa mm 25 kwa 3, uufunike na bentonaiti au udongo wa mfinyanzi uliolowa, kisha urudishe kifusi. Ukiongeza rodi, ziachane angalau mara mbili ya urefu wake, kwa rodi zako ni mita 2.4. Zikikaribiana, ya pili haikuongezei kitu. Rudia kupima Februari, ardhi ikiwa imekauka. Hicho ndicho kipimo cha kuandika.

Hata kwa omu 140, RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja) ya mA 30 bado inakata: volti 50 gawa kwa 0.03 ni omu 1,666. Lakini ethi ikipita omu 200 haiaminiki, hubadilika na majira, nawe uko karibu na hapo. Radi nayo haitaki kusikia habari ya omu 140.

Kuhusu RCD yenyewe, usifunge Type AC ile ya nyumbani. Gari likiwa na hitilafu linaweza kuvujisha umeme wa DC, na DC hiyo huishibisha sumaku ya RCD hadi ikapofuka: mtu anapigwa na umeme, RCD imetulia. Tumia Type B, au Type A kama chaja ina kitambuzi chake cha mA 6 za DC. Kila chaja iwe na RCD yake, moja ikikata nyingine ziendelee.

Waya wa shaba wa mm² 6 hupoteza kama volti 9.3 kwa ampea 32 katika mita 40, yaani asilimia 4. Wa mm² 10 hupoteza volti 5.6, asilimia 2.4. Vuta wa 10, na breka iwe ya ampea 40, si 32, kwa sababu breka inayobeba kiwango chake chote kwa saa tano ndani ya boksi lenye joto la Tanga itakata usiku, mteja amelala.

Tatizo kubwa zaidi ni hizo fezi. Chaja nne kwenye fezi tatu maana yake fezi moja itabeba mbili, ampea 64 juu ya 60. Katika nyumba tunazoea kuhesabu kwamba vifaa havifanyi kazi vyote kwa pamoja. Chaja hufanya, tena usiku kucha. Ingia kwenye mpangilio wa chaja hizo mbili, zishushe hadi ampea 24 kila moja, zinabaki 12 za taa na feni. Na mwambie tajiri wako mapema: matumizi yakipita uniti (kWh) 7,500 kwa mwezi, TANESCO huhamishia daraja la bei la T2, na huko unalipia pia kilele cha kVA, yaani mzigo wa juu kabisa uliovuta. Mfumo wa kugawana mzigo kati ya chaja unalipa hapo.

Mgahawa wangu uko ufukweni na mabanda yote ni ya makuti. Wateja wawili wameomba kuchaji magari. Naweza kufunga chaja chini ya banda la makuti, pafanane na pengine?
Mama wa mgahawa, Raskazone

Hapana, Mama. Chaja yenyewe ni salama, ila betri ya lithiamu ikiwaka haizimiki kama moto wa jiko. Unga wa kuzimia moto hupunguza miali, lakini seli huendelea kupashana moto ndani kwa ndani, na kinachosaidia ni maji mengi kwa muda mrefu. Makuti makavu juu ya moto wa aina hiyo hayakupi hata dakika ya kuwatoa watu.

Magari yaweke mbali na makuti kwa mita 10, upande ambao kusi haitasukuma cheche kuelekea mezani. Juu yake ezeka bati. Ukitaka lisichukize macho, tumia bati la rangi ya mchanga na nguzo za mtiki. Mtiki wa Longuza, pale Muheza, unavumilia pwani na mchwa hauushambulii ovyo, mradi mguu wa nguzo usikae ndani ya zege. Uinue kwa kiatu cha chuma sm 5 juu ya sakafu ili maji yasisimame kwenye mti. Mbao si ushamba: Denmaki ina vituo vya kuchajia vya mbao, vilivyochorwa na ofisi ya usanifu ya Cobe, na cha kwanza kilifunguliwa Fredericia mwaka 2019. Makuti yako yabaki kwenye baraza la kusubiria. Mkungu pia ni kivuli kizuri, ila si juu ya mashine: majani yake huziba mifereji.

Paa la chuma la kituo chetu limeota kutu kabla ya miaka miwili, na ndani ya mashine tunakuta matone ya maji hata siku zisizo na mvua. Tunakaa barabara ya Pangani, bahari inaonekana.
Meneja, Tanga

Ni mambo mawili tofauti. Kutu, tunadhani, ilianzia kwenye vichomeleo. Mabomba yalinunuliwa yakiwa na zinki, fundi akayachomelea, moto ukaiunguza zinki pale kwenye maungio, akapaka rangi ya fedha juu. Utaratibu ni kinyume: kata, toboa, chomelea, ndipo fremu nzima ichovywe kwenye zinki ya moto, wastani wa maikroni 85 kwa chuma cha unene unaozidi mm 6. Maungio ya pale kiwanjani yawe ya bolti. Bolti ziwe stenlesi 316. Ile 304 karibu na bahari hutoka madoa ya kahawia. Bolti ya stenlesi haigusi fremu ya alumini bila washa ya nailoni katikati, maana kwenye chumvi alumini ndiyo huliwa.

Inama pia uangalie miguu ya nguzo. Kama sahani ya chini imekaa kwenye kisahani cha zege chenye bonde, kila mvua inaacha maji pale, na jua linaacha chumvi. Inua kitako sm 5 na ukipe mteremko wa kutoka nje pande zote.

Matone ndani ya mashine hayatoki angani. Usiku boksi hupoa, hewa yenye unyevu huingia kwa mabomba ya chini na unyevu huo hugeuka matone ya maji. Ziba midomo ya mabomba kwa povu au lakiri ya kuzibia, pia mabomba ya akiba, funga glandi za kebo zinazokaza kweli, na weka kipumulio maalumu cha boksi badala ya kutoboa tundu. Mashine za DC zina feni: safisha chujio kila mwezi na uache sm 50 wazi pande za kupumulia, kwani zikikosa hewa hujipunguzia nguvu zenyewe na wateja watalalamika kwamba chaji ni ndogo.

Paneli za sola juu ya paa zitatosha tuachane na TANESCO?
Msomaji, Pongwe

Paneli 20 za wati 550 zinahitaji paa la kama mita za mraba 52 na zinatoa kW 11. Kwa saa tano za jua kamili na upotevu wa robo, unapata uniti 41 kwa siku. Betri ya Leaf la mwanzo ni kWh 24, kwa hiyo hapo hazifiki gari mbili. Sola ipunguze bili, isikuondolee nguzo ya TANESCO. Zielekeze kaskazini kwa mteremko wa digrii 10, mvua izioshe, na mwambie fundi wa paa ahesabu upepo wa kuinua, si uzito wa paneli peke yake.

Natumia kiti cha magurudumu. Kituo nilichokwenda kina mashine juu ya jukwaa la zege la sm 30, sifiki. Wanasema ni kwa ajili ya mafuriko.
Msomaji, Makorora

Maji ni kweli, lakini kinachohitaji kuinuliwa ni mashine, si mtu. Kitako kiwe na upana wa mashine tu. Sakafu ya mbele yake ibaki sawa na maegesho bila ngazi, ikiwa na nafasi ya mita 1.5 kwa 1.5 ya kugeuza kiti. Ukipima kutoka sakafu hiyo, soketi na kitufe cha dharura visipite mita 1.1, na skrini isipite 1.2. Mabomba ya kulinda mashine yaachane kwa sm 90 wazi. Nafasi moja kati ya nne iwe na upana wa mita 3.6, nayo iwe ya pembeni, karibu na choo.