Huyo "Mzito" Wako, Ubao Anauona?

Juzi mwalimu kijana wa Muheza ameniandikia: "Shikamoo madamu. Nina la tano, wamejaa mpaka mlangoni, na kuna mmoja hanakili kitu. Nimechoka naye. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Ubao anauona?

Mimi hapa Tanga nilipokea mtoto mwenye ualbino, kaja na sifa ya uvivu tangu madarasa ya chini. Mwenzangu mmoja alikuwa akimvua kofia kila kipindi, ati si sare, halafu anamkalisha dirishani, jua la saa nne likimpiga usoni! Ualbino hauishii kwenye ngozi, jamani. Wengi wao wana uoni hafifu na mwanga mkali unawatesa. Nikamhamishia mbele, upande wa kivuli, na kofia yake kichwani. Kila nilichoandika ubaoni nikakisoma kwa sauti. Maswali nikamwandikia kwa makapeni, herufi kubwa. Ofisini wakanicheka: "Madamu kapata mtoto wa kulea." Sijasahau, na najua mnanisoma.

Kijana kafaulu la saba, yuko sekondari. Acha nijisifu, maana hakuna aliyenisifu.

Darasa hilohilo lilikuwa na binti wa wafugaji kutoka Handeni, nyumbani kwao Kimaasai tu. Akifungua mdomo, wenzake wanaangua kicheko. Kicheko nikakipiga marufuku, naye nikamwanzisha na hesabu ubaoni, maana huko maneno ni machache. Kumbe ni moto! Wakaanza kumfuata awaelekeze, na Kiswahili kikaja humohumo.

Walimu wenzangu, mshahara najua, msongamano najua. Lakini kumhamisha mtoto dawati kunahitaji bajeti gani? Tunawaita watoto wazito kwa sababu ni rahisi kuliko kuwachunguza, na Mungu atatuuliza.

Wewe wa Muheza, mzazi ampeleke akapimwe macho, hata hospitali ya Bombo hapa Tanga. Ikithibitika uoni hafifu, hali yake itajwe kwenye usajili wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Baraza la Mitihani huwaongezea wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine, na wenye uoni hafifu hupewa karatasi ya maandishi makubwa. Wangu asingepata hata kimoja kama nisingeganda mlangoni kwa mkuu mpaka fomu ikajazwa. Wako bado yuko la tano, muda unao.